Sheria ya Vuguvugu katika Nchi ya Kadiri

Tarehe kumi na nne Juni, siku ya Jumatano, nchi ya Kadiri iliamkia mvua ya mawe. Mawe makubwa kama mayai ya kwale yalipasua vigae, yakaua bata wawili wa nyumba ya wageni, yakamfukuza punda wa mwuza maji hadi ndani ya duka la vitambaa. Katikati ya kishindo hicho kijana mmoja mrefu, koti limemlowa chapachapa, alipanda jukwaa la sokoni, akaweka kiganja kando ya mdomo na kutangaza kwa sauti isiyo kubwa wala ndogo:

"Raia wa Kadiri, hali ya hewa ya asubuhi hii ni ya kiasi."

Jiwe likampiga sikioni. Akayumba, akajikaza, akarudia: "Ya kiasi."

Tusekile Mwakyoma, aliyekuwa amejibanza chini ya paa la nyumba ya wageni, alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa mjane wa makamo, mshonaji wa sare za shule kutoka Tukuyu, na kwao Tukuyu mvua huitwa mvua.

"Yule kijana anatangaza nini?" alimwuliza mwenye nyumba, mama mmoja mnene aitwaye Casilda, aliyekuwa akiokota bata wake.

"Hewa."

"Kwani haoni?"

"Anaona sana, mama. Ila analipwa kuona kwa kiasi. Na usimcheke, ni mkwe wangu." Casilda aliinua bata mmoja kwa shingo, akamtazama kwa huzuni. "Au alikuwa. Au atakuwa. Hilo ndilo ulilokuja kutuamulia."

Jinsi Tusekile alivyofika Kadiri isitucheleweshe. Aliitwa kwa sababu ya neno moja.

Nchi ile imegawanywa na mto usiokwenda kasi wala kusimama. Watu wa kaskazini husema Kiingereza, watu wa kusini husema Kihispania, na sheria yao ni moja, tena ni ya sentensi moja tu, iliyochongwa kwenye nguzo mbili za daraja. Nguzo ya kaskazini inasema kila raia awe "temperate". Nguzo ya kusini inasema kila raia awe "templado". Mababu waliozisimamisha waliamini kwamba ni neno lile lile lililobadili kanzu. Wajukuu zao wamegombana tangu siku walipojifunza kusoma.

Kaskazini kwenyewe hawakuwa wamoja. Wako walioshika kwamba neno lao ni la hali ya hewa, ile isiyo na joto kali wala baridi kali. Basi hewa ndiyo raia wa kwanza anayepaswa kuitii sheria, na hewa ikiasi, hutangazwa kuwa ya kiasi. Wako walioshika kwamba ni neno la ulevi. Hawa nao walikuwa na mabishano yao, kama mtu mwenye kiasi ni yule asiyeonja kabisa au ni yule anayeonja kidogo, na waliosema kidogo ndio waliokuwa na mikutano mirefu zaidi. Wengine wakasema ni neno la hasira na tamaa, la mtu ajizuiaye. Kusini hawakuwa na makundi. Wao kwa muda mrefu walikuwa wameacha kubishana; walilisoma neno lao, wakaona ndani yake maji ya kuoga, si ya moto si ya baridi, wakakaa humo.

Kutokana na nguzo hizo mbili zilizaliwa desturi ambazo Tusekile aliziona kwa macho yake. Mkate hutolewa tanurini kabla haujaiva. Hadithi ya kuchekesha huachwa kabla ya mwisho wake, na wasikilizaji hutabasamu upande mmoja wa mdomo. Msibani wafiwa hulia kwa jicho moja, la kushoto kabla ya mazishi na la kulia baada yake. Kanisani alipiga magoti pamoja nao, akaisikia sala ikienda vizuri hadi katikati, kisha watu wakainuka na kuchukua kofia zao. Hawakusema Amina. Walisema, "Tutaona."

Juu ya yote hayo waliketi Wapima, ndio maofisa wa nchi. Kiasi cha raia ni kikombe kimoja. Kiasi cha Mpima ni birika. Kiasi cha Mpima Mkuu hakijawahi kujulikana, kwa sababu anayepima ni yeye.

Sasa ile harusi. Osbert, kijana mtangazaji wa hewa, ni wa kaskazini. Alimpenda Remedios, mpwa wa Casilda, mwokaji mikate wa kusini. Walifungishwa ndoa katikati ya daraja ili pande zote mbili zione. Mpima akamwuliza Osbert, "Unampenda mwanamke huyu?" Osbert akajibu kama sheria inavyotaka: "Kiasi." Watu wakapumua. Mpima akamgeukia Remedios, na Remedios, mbele ya umati, akasema, "Nampenda kwa moyo wangu wote."

Inasemekana Wapima wawili walikaa chini hapo hapo darajani. Mama mmoja aliwaziba watoto wake masikio. Kwa maana katika Kadiri mtu akisema "wote" au "yote" mbele ya mashahidi, akakataa kulifuta neno lake, hufukuzwa nchini kuvuka milima, asirudi tena, na ndoa yake hufa. Remedios aliambiwa afute. Akasema hawezi kufuta kitu ambacho hakukiandika yeye.

Hapo pande mbili zikashindwa kuhukumu, maana kila upande ulikuwa na nguzo yake na neno lake. Baraza likaamua kwamba neno lipitishwe katika lugha isiyo na shamba kaskazini wala kusini. Wakachagua Kiswahili. Na kwa kuwa Tusekile alikuwa amejifunza Kiingereza na Kihispania ukubwani, katika madarasa ya jioni ya parokia, akiwa na wajukuu tayari, wakamwita yeye. Atakalolisema lingechongwa kwenye nguzo ya tatu, na kwa hilo Remedios angehukumiwa.

Kikao cha kwanza kilifanyika mchana wa siku ile ile ya mawe. Mpima Mkuu, Mheshimiwa Midilton, alikuwa mtu mpana mwenye sauti kama mto wa sufi. Kila alipozungumza mtu alitamani kulaza kichwa.

"Bibi mgeni," alisema, "tueleze, kwa kiasi cha uwezo wako. Neno la nguzo ya kaskazini ni nini kwa lugha yenu?"

Tusekile alikuwa amelala akiliombea neno hilo. "Mwenye kiasi, Mheshimiwa."

Baraza zima lilipendezwa. Walipiga makofi kama wanavyopiga wao, kiganja kimoja juu ya goti.

"Na la kusini?"

Hapa Tusekile alikumbuka Sista Milagros, mwalimu wake, aliyekuja darasani jioni moja na beseni la maji ili wajifunze kwa mikono. Sista aliwachovyesha vidole mmoja mmoja: haya ya moto, haya ya baridi, na haya, wanangu, ni *templada*. Tusekile alikuwa amelipenda somo lile. Lilikuwa somo la kwanza la Kihispania ambalo halikumtoka kichwani.

"Vuguvugu," alisema.

Mheshimiwa Midilton alilirudia neno lile polepole, kama mtu anayejaribu kiti kipya. "Vu-gu-vu-gu. Kwa hiyo mwenye kiasi ndiye vuguvugu. Na vuguvugu ndiye mwenye kiasi. Loo, bibi, umetufungulia mlango."

Remedios alikuwa ameketi kwenye kiti cha mshitakiwa, unga bado umemganda viwikoni. Aligeuka akamtazama Tusekile. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyefunga mlango bila kujua kwamba kidole chako kipo.

Baraza likaahirishwa hadi keshokutwa, ili mchonga mawe atafutwe na Remedios apewe nafasi ya kufuta.

Kuanzia saa ile Tusekile hakutulia. Mji ulikuwa umelipokea neno lake kwa shangwe ya nusu nusu. Wapima walipita nyumba kwa nyumba wakichovya vipimajoto kwenye masufuria ya supu. Mwanamume mmoja alitozwa faini kwa kumkumbatia ndugu yake aliyerudi safari. Walisema kumbatio lile lilikuwa la moto. Mitaani watoto walikwisha kutunga mchezo wa vuguvugu, ambao haukuwa na mshindi. Na kila mahali watu walimpungia Tusekile mkono hadi usawa wa kiuno, wakasema, "Ahsante kiasi, bibi mgeni."

Alitembea hadi darajani, akarudi. Akaenda tena. Aliomba akitembea, maana kila alipopiga magoti magoti yalikataa. Maisha yake yote alikuwa amefundishwa kanisani kuwa na kiasi, kukesha na kuwa na kiasi; na kanisa lile lile lilikuwa limemfundisha kuliogopa vuguvugu kuliko baridi. Itakuwaje mambo mawili hayo yawe kitu kimoja? "Bwana," alisema kwa sauti, na mwuza maji akageuka kumtazama, "umenileta huku nishone au nifumue?"

Alipofika darajani kwa mara ya tatu alimkuta Osbert ameegemea nguzo ya kaskazini. Sikio lake lilikuwa limevimba.

"Shikamoo, mama," alisema kijana. Alikuwa amejifunza neno hilo moja kwa ajili yake.

"Marahaba, mwanangu. Sikio linauma?"

"Kiasi."

"Na Remedios unampenda?"

"Kiasi," alisema Osbert haraka, kama mtu anayeficha kitu nyuma ya mgongo.

"Kiasi gani?"

Katika Kadiri hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo. Neno kiasi kwao lilikuwa jibu, nalo lilifunga kila mazungumzo. Kwamba lingeweza kuwa swali, hakuna aliyekuwa amelifikiria. Kijana alitazama mto.

"Mama, usiniulize hivyo hadharani," alisema mwishowe. "Mimi nina mama yangu kule. Nina kazi. Mtu akivuka ile milima harudi hata kuzika."

"Sikuulizi hadharani. Nakuuliza hapa."

"Hata hapa," alisema, akaondoka akitembea mwendo wa watu wa Kadiri, ambao si kutembea wala kukimbia.

Kesho yake mchana Casilda alikuwa jikoni akinyonyoa bata wa pili. Tusekile aliingia kuomba chumvi. Casilda hakuinua kichwa.

"Mama Tusekile, nikuulize kitu. Mpwa wangu ni maji ya kuoga?"

"Hapana, mama."

"Basi kwa nini umemchovya kidole?"

Tusekile aliketi juu ya gunia la viazi. "Sista alinifundisha hivyo. Alileta beseni."

"Sista wako alikuwa anaoga! Siku hiyo angekuwa anachinja, ungetuambia nini?" Casilda alitupa konzi ya manyoya ndani ya ndoo. "Nisikilize. Baba yangu mzazi watu walimwita *templado*. Mwaka wa mafuriko mto huu ulisahau sheria, ukapanda mpaka madirishani. Baba alijifunga kamba kiunoni akaingia. Akawa anatoa mtu mmoja mmoja, hapigi kelele, hatetemeki, anawaambia wafunge vifungo vya mashati wasipate mafua. Watu walisimama juu ya paa wakasema: huyu mtu ni *templado*. Unadhani walimaanisha kwamba alikuwa amepata joto kidogo?"

Casilda aliokota kisu mezani.

"Kisu kikiingia motoni hadi kiwe chekundu, kisha kikazamishwa majini kikalia, kikatoka hakipindi, hicho nacho tunakiita hivyo. Uzi wa gitaa ukivutwa hadi usemezane na wenzake, hivyo hivyo. Ukiulegeza hauimbi. Ukiukaza mno unakatika, unakuchapa usoni."

"Na maji ya kuoga?"

"Na maji ya kuoga pia, sikatai. Neno lile ni mama mwenye watoto wengi. Wewe umekuja mgeni, umemchukua yule mvivu kuliko wote, umemvika taji."

Tusekile alihisi uso umewaka. "Sasa mbona hukusema barazani, mama yangu? Ulikuwepo. Ulinisikia."

Casilda aliacha kunyonyoa. "Kwa sababu na mimi nilikuwa nimewasahau hao watoto wengine," alisema. "Unajua ni miaka mingapi hakuna mtu amemwita mtu hivyo kwa sifa? Ukizoea kula kisichochemka, unasahau hata moto ulikuwa wa nini. Nimemkumbuka baba jana usiku kitandani, nikakasirika. Nimekukasirikia wewe kwa sababu uko karibu."

"Nitasahihisha."

"Kusahihisha ni kosa huku. Ni kusema mara mbili. Watakufukuza nchini."

"Mimi ni mgeni, mama. Kunifukuza ndiko kunirudisha nyumbani."

Casilda alicheka. Alicheka mpaka mwisho, kwa pande zote mbili za mdomo, akajiziba kwa mkono wenye manyoya.

Kikao cha pili kiliitwa asubuhi ya siku iliyofuata. Ukumbi ulijaa pande zote mbili za nchi. Mchonga mawe alikuwa amekwisha kuchora herufi kwa chaki juu ya nguzo mpya, na Mheshimiwa Midilton alikuwa amefika na birika lake. Tusekile alisimama kabla hajaitwa.

"Mheshimiwa, nilikosea."

Ukumbi ulitikisika kidogo, yaani kiasi.

"Bibi mgeni," alisema Midilton kwa upole, "hapa hatukosei. Hapa huwa tunakaribia."

"Mimi sikukaribia. Katika neno la kusini nilichukua beseni tu, nikaacha chumba kizima. Ni vuguvugu likisemwa juu ya maji. Likisemwa juu ya mtu, ni mtu aliyepita motoni na majini akatoka imara. Ni mtu asiyeyumba. Ni uzi uliokazwa mpaka ukaimba. Mkilichonga vuguvugu juu ya lile jiwe, mtakuwa mmechonga kosa langu, na mtamfukuza mtu kwa hilo."

Mpima mmoja wa kaskazini akainuka. "Pendekezo, Mheshimiwa. Mgeni aruhusiwe kusahihisha nusu ya neno. Tuandike 'vugu'."

Pendekezo lilijadiliwa kwa muda mrefu. Wengine waliona 'vugu' ni kali mno. Mpima wa kusini aliuliza kama uzi wa gitaa ni raia. Mwingine aliuliza kama aliyepita motoni alikuwa na kibali. Tusekile alisimama muda wote huo, akibadilisha mguu, midomo ikimchezacheza kwa sala, hadi akashindwa kusubiri.

"Waheshimiwa, niruhusuni niseme na juu ya neno lenu la kwanza. Mwenye kiasi. Hilo nililitafsiri sawa, lakini ninyi mmelisikia vibaya. Kwetu kiasi lina maana mbili, na zinafanana kama pacha. Ukimwuliza mtu, umepona? akasema, kiasi, maana yake bado anaumwa. Hiyo ndiyo mliyoichukua. Lakini kiasi vilevile ni kile kinachokitosha kitu. Mimi ni fundi wa nguo. Kiasi cha shati la mtu mwenye mikono miwili ni mikono miwili. Nikimshonea mkono mmoja nikamwambia nimekushonea kwa kiasi, atanipiga, na polisi watamsaidia."

Nyuma ya ukumbi mtu alicheka, akakohoa kuficha.

"Kiasi cha chumvi ni kidogo," aliendelea Tusekile. "Kiasi cha divai ni kidogo, na kwa wengine si chochote. Kiasi cha hasira, Mungu anisaidie, ni kidogo sana. Lakini kiasi cha mtungi ni kujaa. Kiasi cha sala ni mpaka Amina. Na huyu binti alipoulizwa kama anampenda mumewe, hakuzidisha. Alitoa kilichotakiwa. Ni ninyi mliopunja."

Akaketi. Remedios alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka.

Mheshimiwa Midilton alikunywa birika lake taratibu. Wapima walimzunguka, wakanong'ona, wakagawanyika, wakarudiana. Mwishowe alisimama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeridhika na haki yake mwenyewe.

"Baraza limesikia," alisema. "Mgeni wetu ana haki kiasi. Mshitakiwa ana hatia kiasi. Nguzo ya tatu itabaki bila maandishi, jambo ambalo limezipendeza pande zote. Ndoa haitakufa, ila haitakuwa hai kupita kawaida. Mume atakaa kaskazini, mke atakaa kusini. Watakutana katikati ya daraja siku ambazo hewa itatangazwa kuwa ya kiasi. Wote wawili waseme mbele ya mashahidi kwamba wameridhika kiasi, na shauri limekwisha. Atakayekataa atavuka milima leo hii, peke yake."

Viganja vikapiga magoti ukumbi mzima. Hata Casilda, kwa mazoea, alianza kupiga, akashtuka akaushika mkono wake.

"Remedios," alisema Midilton. "Umeridhika?"

Remedios alisimama. Alikuwa mfupi kuliko Tusekile alivyodhani.

"Mheshimiwa, mimi naoka mikate," alisema. "Nimewauzia mibichi maisha yangu yote kwa sababu sheria ilitaka. Mume mbichi simtaki. Nitavuka."

"Mwanangu!" aliita Casilda.

"Shangazi, usilie jicho moja. Kama ni kulia, lia."

Na Casilda akalia, kwa sauti, na Mpima aliyekuwa karibu naye alisogeza kiti. Askari wawili walikuja wakasimama kando ya Remedios. Walikuwa wamemletea koti, kwa maana milimani ni baridi, baridi ambayo katika Kadiri haina jina.

Midilton alipangusa midomo. "Kwa masikitiko ya wastani. Sasa mume. Osbert, wewe umeridhika kiasi, nadhani. Sema, mwanangu, kisha nenda sokoni, hewa haijatangazwa."

Osbert alisimama upande wa kaskazini wa ukumbi. Mama yake, mwanamke mwembamba mwenye kofia ya kijivu, alimvuta shati kwa nyuma. "Sema, Osbert," alinong'ona, na kwa ule ukimya kila mtu alimsikia. "Ni neno moja tu. Umelisema kila siku."

Kijana alitazama milango ya ukumbi, iliyokuwa wazi. Nje kulikuwa kunanyesha. Tusekile alishika vidole vyake mwenyewe hadi vikauma. Hakujua amwombee nini. Kumwombea aende kulikuwa kumwombea mama yule hasara, na kumwombea abaki kulikuwa kumwombea Remedios njia ya peke yake. Akaomba tu kwamba asifunge kinywa katikati.

"Mheshimiwa," alisema Osbert. Akainama, akaushika mkono wa mama yake uliokuwa umeng'ang'ania shati, akaubusu, akauachia. Kisha akauvuka ukumbi, akapita katikati ya viti vya Wapima, wakawa wanavuta miguu yao kumpisha, hadi akafika walipo wale askari. Akasimama hapo. Alipozungumza tena, hakukuwa na mtu katika Kadiri aliyewahi kuisikia sauti ile ikitoka kwake, wala sokoni wala popote.

"Ninyi nyote mliomo humu, wa kaskazini na wa kusini, na wewe bibi wa Tukuyu, na wewe mama yangu uliyenizaa, nishuhudieni. Mimi Osbert naahidi kuvuka na Remedios leo. Atakapolala nitalala, atakapokosa nitakosa naye. Nitamzika au atanizika. Nimempa maisha yangu, na sitabakiza kitu."